Kipimajoto kinasoma Farenhaiti, kliniki wanataka Selsiasi: naombeni mnielekeze kugeuza

Mama wa Kwanza

Habari zenu wapendwa. Naomba msaada wa hesabu, na msinichoke, maana hili jambo limenikesha.

Mwanangu ana miezi 14. Juzi usiku alichemka, nikampima kwapani kwa kipimajoto cha dijitali tulichopewa zawadi. Kikasoma 101.3. Karatasi ya kliniki imeandikwa kwa Selsiasi: kuanzia 38 ni homa. Nikatafuta kanuni nikaipata: toa 32, zidisha kwa 5, gawanya kwa 9. Nikaandika kwenye kikokotoo cha simu 101.3 − 32 × 5 ÷ 9, kikanipa 83.5. Nikajua hapa nimekosea. Nikaanzia upande wa pili, 101.3 × 5 ÷ 9, kisha nikatoa 32. Ikaja 24.3. Saa nane za usiku, mtoto anaungua mikononi mwangu, na nina majibu mawili ambayo yote si ya mtu aliye hai.

Asubuhi kikasoma 99.5. Nikataka kujua ameshuka nyuzi ngapi za Selsiasi. Tofauti ni 1.8, nikaigeuza kwa kanuni ileile, safari hii hatua kwa hatua, nikapata −16.8. Nikaiweka simu chini.

Nakosea wapi? Na kuna njia ya kufanya kichwani, ya mtu mwenye usingizi aliyebeba mtoto?

Hesabu Kwanza

Pole sana dada, na mtoto apone haraka. Kanuni unayo sahihi, kilichokosekana ni mabano. Vikokotoo vingi vya simu hutanguliza kuzidisha na kugawanya, kutoa kunafuata baadaye hata kama umekuandika mwanzo. Kwa hiyo simu ilichukua 32 × 5 ÷ 9, ikapata 17.8, ndipo ikaitoa kwenye 101.3. Andika (101.3 − 32) × 5 ÷ 9. Au toa 32 kwanza, bonyeza alama ya sawasawa, kisha uendelee: 69.3 × 5 ni 346.5, gawanya kwa 9 unapata 38.5. Homa ilikuwepo.

Kwa nini 32 itangulie? Barafu inapoyeyuka Selsiasi husoma 0, lakini Farenhaiti tayari inasoma 32. Lazima uziondoe hizo ili vipimo viwili vianze kuhesabu kutoka mahali pamoja. Kuanzia hapo hadi maji yachemke kwenye usawa wa bahari, Selsiasi inapiga hatua 100, Farenhaiti inatoka 32 hadi 212, yaani hatua 180. Safari ni moja, hatua za Farenhaiti ni fupi zaidi. 180 kwa 100 ni sawa na 9 kwa 5, ndiko zilikotoka tarakimu hizo. Ukishalielewa hilo hutaikariri tena kanuni, utaijenga mwenyewe hata usiku wa manane.

Njia ya Mkato

Mimi huwa natoa 30 nagawanya kwa 2, basi. Mfano 86 inakuwa 28. Jibu kamili ni 30, lakini kwa kujua nivae nini inanitosha.

Nesi wa Zamu

Mkuu, kwa hali ya hewa sawa, ila kwa mgonjwa naomba tuiache kabisa. Ijaribu kwa huyu mtoto: 101.3 toa 30 ni 71.3, nusu yake 35.7. Umemwambia mama kwamba mwanawe amepoa, wakati ana 38.5! Njia hiyo inapatia kwenye nyuzi 50 za Farenhaiti, ambazo ni 10 za Selsiasi. Kadiri unavyopanda juu ya hapo ndivyo inavyozidi kupunguza jibu, na homa iko mbali sana na 50.

Mama, kwa mwili wa binadamu huhitaji kanuni. Shika namba nne tu: 98.6 ni 37, 100.4 ni 38, 102.2 ni 39, 104 ni 40. Kila ngazi ya Selsiasi unaongeza 1.8 upande wa Farenhaiti. Usomaji wako wa 101.3 uko katikati kabisa ya 100.4 na 102.2, basi ni 38 na nusu. Ziandike kwa kalamu kwenye kipande cha plasta, ubandike kwenye kasha la kipimajoto. Mtu akiamka usiku asome tu.

Pia, kwapani husoma chini kidogo kuliko joto la ndani ya mwili, kwa hiyo 38.5 ya kwapani usiidharau. Mtazame na mtoto mwenyewe: ananyonya, anakunywa, anakutazama, anapumua vipi? Akilegea, akikataa kunywa au akipumua kwa shida, nenda hospitali hata kama namba ni ndogo. Na wenye watoto wa chini ya miezi mitatu, kwenu 38, yaani 100.4, ni safari ya hospitali saa hiyohiyo.

Hesabu Kwanza

Nilisahau swali lako la −16.8, na ndilo swali zuri kuliko yote. Ulichogeuza si usomaji, ni tofauti ya usomaji miwili. Usiku 101.3 ilikuwa na ile 32 ndani yake, asubuhi 99.5 nayo ilikuwa nayo. Ulipotoa moja kwenye nyingine, 32 zikafutana zenyewe. Kanuni ikaja kuitoa tena mara ya pili, ndiyo maana ukatumbukia chini ya barafu. Tofauti igawanye kwa 1.8 tu: 1.8 ÷ 1.8 ni 1. Ameshuka nyuzi moja, kutoka 38.5 hadi 37.5. Kosa hili nimelikuta hata kwenye maandishi ya watu wazima wanaotafsiri habari za joto la dunia: wanaambiwa joto limepanda nyuzi 2 za Selsiasi, wao wanaandika 35.6 za Farenhaiti badala ya 3.6.

Mpenda Historia

Kuna njia nyingine naipenda kwa sababu inakwenda pande zote mbili bila kuchanganya. Vipimo hivi hukutana kwenye −40, namba ni ileile kotekote. Basi ongeza 40, geuza, kisha toa 40. Kutoka Farenhaiti unazidisha kwa 5 na kugawanya kwa 9, kutoka Selsiasi unafanya kinyume. Mfano 104: ongeza 40 ni 144, gawanya kwa 9 ni 16, mara 5 ni 80, toa 40, unabaki na 40.

Na dada usijione peke yako kuchanganya juu na chini. Daniel Gabriel Fahrenheit alianzisha kipimo chake katika miaka ya 1720, sifuri yake ikiwa baridi ya mchanganyiko wa barafu na chumvi. Anders Celsius wa Uppsala, Sweden, alipotoa chake mwaka 1742, aliweka 0 kwenye maji yanayochemka na 100 kwenye barafu! Kikapinduliwa baadaye. Hata ile 98.6 inayoonekana ya kisayansi sana ni 37 tu iliyogeuzwa: daktari Mjerumani Carl Wunderlich aliandika 37 kama wastani katika kitabu chake cha mwaka 1868. Ile nukta sita imezaliwa na hesabu ya kugeuza. Mtoto mwenye 98.2 au 99 usimwone ana kasoro.

Fundi Vifaa

Kabla ya yote haya, kitazame kipimajoto chenyewe. Vingi vya dijitali husoma vipimo vyote viwili. Kwa kawaida unashikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa mpaka herufi ya pembeni igeuke kutoka F kuwa C. Namna hutofautiana, soma karatasi iliyokuja nacho.

Mama wa Kwanza

Nimerudi. Mtoto anacheza sasa hivi, Mungu ni mwema. Nimempima, kikasoma 98.4. Nikajizuia kugusa simu. Toa 32, inabaki 66.4. Mara 5 ni 332. Gawanya kwa 9, nikapata 36.9 nyuma ya karatasi ya kliniki, kwa kalamu. Ndipo nikashikilia kitufe. F ikapepesa, ikaja C, na chini yake 36.9.

Plasta ya namba nne nimeshaibandika, baba yake naye kashaisoma. Nesi, Hesabu Kwanza, wote, asanteni mno.