Ulinganisho: World Physiotherapy, PEDro, Physiopedia au HINARI kwa mtaalamu wa hospitali ya wilaya?

Mkwezi wa Kilosa (mwanzisha mada)

Wanajukwaa, salaam. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia katika hospitali ya wilaya, na katika idara tuko wawili tu. Muda wangu wa kusoma ni Jumamosi baada ya zamu, saa moja na nusu hivi, kwa simu na kwa bando ninalojinunulia. Wiki ijayo kamati ya manunuzi itakaa kujadili pendekezo la kununua mashine ya altrasaundi ya tiba (si ile ya kupigia picha) pamoja na mashine ya kuvuta mgongo, kwa hoja kwamba wagonjwa wa maumivu ya mgongo wamekuwa wengi, nami nimeombwa nitoe maoni ya kitaalamu.

Kwa miezi mitatu nimejaribu vyanzo vinne. Tovuti ya World Physiotherapy, shirikisho la vyama vya fiziotherapia vya nchi mbalimbali lililoanzishwa Copenhagen mwaka 1951 na ambalo wengi wetu tulilizoea kwa jina la WCPT hadi lilipobadilishwa mwaka 2020, inanipa habari za dunia, lakini nikitoka hapo sijui nimfanyie nini mgonjwa aliye kitandani. Physiopedia, ensaiklopidia ya fiziotherapia ya mtandaoni, inasomeka kwa urahisi kuliko vyote. PEDro, hazina ya tafiti za fiziotherapia mtandaoni, imenishinda: naona orodha ya tafiti zenye alama 5, 6, 7, na sijui alama hizo zinaniambia nini. HINARI, mpango wa kusomea majarida ya afya mtandaoni, sijaingia kabisa kwa sababu inadai nywila ambayo sina. Kwa mtu mwenye saa moja na nusu kwa wiki, mngemshauri aanzie wapi?

Dada wa Kisauni

Kaka Mkwezi, umeuliza maswali mawili ndani ya moja, na yanafaa yatenganishwe. Kujua yanayotokea katika taaluma yetu ni jambo moja, na kujua kama tiba fulani inafanya kazi ni jambo jingine. Kwa hilo la pili jibu langu ni PEDro, hata kama sura yake haivutii.

PEDro ilianzishwa Sydney, Australia, mwaka 1999, na kuitumia ni bure. Hukusanya aina tatu tu za maandishi: majaribio yaliyogawa wagonjwa kwa bahati nasibu, mapitio ya kimfumo (yanayojumlisha tafiti zilizofanywa kuhusu swali moja), na miongozo ya tiba. Sasa yamepita 60,000. Alama ulizoziona ni za majaribio peke yake. Mapitio na miongozo haipewi alama. Kila jaribio hupimwa kwa vigezo 11, lakini alama hutolewa juu ya 10, kwa kuwa kigezo cha kwanza, kinachohusu namna washiriki walivyochaguliwa, hakihesabiwi.

Hapa ndipo wengi wanapopotea, nami nilipotea miaka miwili. Alama inapima jinsi jaribio lilivyoendeshwa, wala haisemi kwamba tiba inasaidia. Jaribio linaweza kupata 9 na likathibitisha kwamba tiba haina faida yoyote. Tena, vigezo viwili vinataka mgonjwa na mtaalamu wote wasijue ni nani anapata tiba halisi. Katika mazoezi jambo hilo haliwezekani, kwa maana huwezi kumficha mtu kwamba amefanyishwa mazoezi, wala kumficha anayemfanyisha, kwa hiyo jaribio la mazoezi lenye 8 limepata zote zinazopatikana. Mashine ya altrasaundi, kwa upande wake, inaweza kuwaka taa na kupitishwa mgongoni bila kutoa mawimbi, na mgonjwa pamoja na anayeishika wasitambue. Ukilinganisha alama za majaribio ya mashine na za majaribio ya mazoezi bila kukumbuka hilo, utawapa wauza mashine ushindi wasiostahili.

Nenda kwenye utafutaji wa kina, chagua sehemu ya mwili, kisha aina ya andiko uweke mapitio au mwongozo kwanza. Maneno ya kutafutia yaandike kwa Kiingereza.

Mwalimu wa Vitendo

Naunga mkono, ila nisingeitupa Physiopedia. Nawafundisha wanafunzi wa diploma, na kila muhula napokea kazi zilizonakiliwa humo neno kwa neno, lakini kosa hilo ni la wanafunzi. Makala zake huandikwa na wanataaluma wenyewe, baadhi zikiwa kazi za wanafunzi wa vyuo, ndiyo maana ubora wake haulingani: ukurasa mmoja umeiva na una vipimo vya kliniki vilivyoelezwa hatua kwa hatua, na mwingine umeachwa njiani. Mimi huanza kwa kutazama miaka ya tafiti zilizotajwa chini ya makala. Ikiwa mpya kabisa ni ya mwaka 2009, naufunga ukurasa.

Kwa kujikumbusha jinsi ya kufanya kipimo fulani dakika tano kabla ya kumwona mgonjwa, sijaona kinachoishinda. Kwa kuitetea hoja mbele ya kamati, usiipeleke. Kozi zilizo katika sehemu yake ya Plus ni za kulipia, jambo ambalo wengi hugundua wakiwa wameshajaza fomu nusu.

Mkutubi Mstaafu

Kuhusu HINARI naomba niondoe dhana moja. Mpango huu, ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani na wachapishaji mwaka 2002, hausajili mtu binafsi, husajili taasisi. Nywila hukaa kwa mkutubi au ofisi ya mafunzo, na mara nyingi hospitali imeshasajiliwa ila aliyejaza fomu alihama miaka sita iliyopita. Nilipokuwa kazini niliwahi kukuta nywila imeandikwa kwa penseli nyuma ya mlango wa kabati la faili. Uliza kwanza kabla ya kuomba usajili mpya.

Wakati unasubiri, Journal of Physiotherapy la Australia na South African Journal of Physiotherapy husomwa bure bila nywila. Hilo la pili limejaa wagonjwa na hospitali zinazofanana na zetu.

Msafiri wa Muscat

Mimi nitaitetea World Physiotherapy, kwa kuwa nafanya kazi ughaibuni na habari zake zimenisaidia. Humo unakuta takwimu za kila nchi mwanachama, zikiwa na idadi ya wataalamu kwa kila watu 10,000, na pia viwango vya elimu na taarifa za sera. Uanachama wa mtu binafsi hupitia chama cha nchi yake. Tahadhari ndogo: kifupi cha chama chetu cha Tanzania ni APTA, sawasawa na kile cha Wamarekani kilichoanzishwa mwaka 1921, na nimeshamwona kijana akijaza fomu za Virginia, kwa Wamarekani hao, akidhani anajiunga na chama cha nyumbani. Wamarekani pia husema "physical therapy" pale wengine wanaposema "physiotherapy", hivyo ukitafuta kwa jina moja tu utakosa nusu ya maandishi.

Hata kwa kamati yako kuna kitu. Mei 2023 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuimarisha huduma za utengamao (kumrejeshea mgonjwa uwezo wa kufanya shughuli zake) katika mifumo ya afya. Makadirio yaliyochapishwa katika jarida la The Lancet yalionyesha kwamba mwaka 2019 watu bilioni 2.41 duniani walikuwa na hali ambazo zingenufaika na utengamao. Ukiwa na karatasi hiyo unaweza kuomba mtumishi wa tatu badala ya mashine.

Mkwezi wa Kilosa

Nashukuru sana. Jumamosi nilifuata maelekezo ya Dada, na kwa mara ya kwanza nimetoka PEDro nikiwa na kitu mkononi.

Hata hivyo kuna jambo limenikwaza. Nilisoma pia kuhusu mazoezi kwa goti lililosagika, na katika majaribio mengi niliyofungua mgonjwa anapimwa kwa kuinuka kitini, kupanda ngazi na kutembea. Juzi mama wa miaka 63 aliniambia kwamba kutembea si shida yake. Shida ni choo cha shimo, ambapo akishachuchumaa humwita mjukuu aje amshike mikono ainuke, na usiku mjukuu amelala. Kwenye fomu za majaribio hayo hakuna mahali pa kuliandika hilo. Nimempa mazoezi yaleyale, ila kipimo chetu kimekuwa urefu wa kigoda anachoweza kuinukia bila kushika kitu. Wiki ya kwanza kilikuwa cha jikoni, cha kukunia nazi kilimshinda.

Dada wa Kisauni

Hiyo ya mbuzi ya nazi iandike vizuri uitume, maana ndiyo aina ya kazi inayokosekana.

Sasa kamati. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa maumivu sugu ya mgongo wa chini kwa watu wazima, na unapatikana bure. Altrasaundi ya tiba, kuvuta mgongo, TENS (kusisimua neva kwa umeme kupitia ngozi) na mikanda ya kiunoni imo katika orodha ya yasiyopendekezwa kwa matumizi ya kawaida, ilhali elimu kwa mgonjwa na programu ya mazoezi imependekezwa. Chapisha ukurasa wa mapendekezo peke yake, uwape kabla kikao hakijaanza.

Usivuke mpaka wake, kaka. Mwongozo huo unahusu maumivu yaliyozidi miezi mitatu ambayo hayakutokana na ugonjwa mwingine uliobainika. Mjumbe akikuuliza kuhusu mgonjwa wa bega au wa kiharusi, mwambie hilo lina maandishi yake, na uombe wiki moja ukayatafute.