Shangazi kanunua vidonge vya "Oprah" kwa kadi yangu, nifanyeje?

KijanaWaNgamiani
Habari za saa hizi wadau. Niko Houston, Texas, mwaka wa saba sasa. Mke wangu kajifungua mwezi wa nane, na shangazi yangu katoka Tanga kuja kutulelea mzazi. Arobaini ikapita, tukamwomba akae kidogo. Shangazi ni mwalimu mstaafu, kashika chaki miaka 31. Nalisema hili mapema ili mtu asije hapa na habari za "wazee hawajui mitandao".

Usiku mtoto akilia ni yeye humbeba, mkono mmoja mtoto, mkono wa pili tableti. Huko ndiko alikokutana na Oprah Winfrey, yule mtangazaji maarufu wa runinga wa Marekani. Video ya kama dakika mbili, Oprah kakaa kwenye kochi, sauti ni ileile yake, anasema amepungua kwa vidonge vya kutafuna, laini kama peremende, viwili kabla ya kulala. Wiki hii tu chupa ya kwanza ni bure, wewe lipia posta, dola 6.95. Kadi yangu ilikuwa imehifadhiwa humo kwa ajili ya kuagizia nepi.

Siku ya kumi na nne zikakatwa dola 89.90. Kesho yake 39.95, eti kitabu cha mapishi. Nikawapigia benki nikiwa jikoni, nafoka kwamba nimeibiwa. Shangazi akanisubiri nimalize, akasema taratibu: "Si mwizi mwanangu, ni mimi. Lakini nililipa sita."

Nimeufungua ule ukurasa wa mauzo. Chini kabisa, maandishi ya kijivu kwenye weupe, wamesema usipoghairi ndani ya siku 14 umejiunga na utaletewa chupa kila mwezi. Ukurasa wa Facebook uliorusha tangazo nao, ukitazama historia yake, mwaka jana ulikuwa wa duka la mapazia.

Sasa pesa naweza kuzipigania. Shida yangu ni kwamba shangazi hakubali kuwa ile video ni ya kutengeneza. Nikamwambia Oprah alishajitokeza 2022 akasema hana uhusiano wowote na hizo peremende za kupunguza uzito. Akanijibu: "Na Disemba 2023 akasema mwenyewe anatumia dawa ya kupunguza uzito. Nilisoma." Na ni kweli! Alisema, ila jina la dawa hakulitaja. Nikabaki mdomo wazi. Huyu ni dada wa marehemu baba, siwezi kubishana naye kama nabishana na nyie.

Halafu ana presha. Chupa ya kwanza kaifikisha nusu. Nawasilisha.

Chumvi_Kidogo
Shangazi kapungua kilo ngapi?

KijanaWaNgamiani
Kapungua dola 136.80. Na ni zangu.

KaraniWaUsiku
Pole sana ndugu. Nilikaa miaka minne kwenye simu za kadi, zamu ya usiku, na kesi za "chupa ya bure" zilikuwa mkate wetu wa kila siku.

Kwanza, futa hiyo kauli ya "nimeibiwa". Kadi aliiingiza mtu wa nyumbani kwako, na wao wana anwani yako na rekodi ya oda. Ukisema wizi, muuzaji ataonyesha hizo karatasi na utashindwa. Sema ukweli: tulikubali 6.95, hizi nyingine mbili hatukuzikubali, masharti yalifichwa. Piga picha ya ukurasa leo, kesho utakuwa umeondolewa. Kama ni kadi ya mkopo, sheria ya Marekani inakupa siku 60 tangu ilipotumwa bili ya kwanza yenye malipo hayo, na uandike, usiishie kwenye simu. Kama ni ile inayokata moja kwa moja kwenye akaunti, kinga yake ni nyembamba zaidi, kwa hiyo usichelewe.

Pili, na hili watu wengi hawalijui: kubadilisha kadi peke yake hakutoshi. Mitandao ya kadi, yaani kina Visa na Mastercard, ina huduma ya kuwapelekea wauzaji namba mpya ili malipo ya kila mwezi yasikatike. Mwambie mhudumu amzuie muuzaji huyo kwa jina, na namba mpya asipelekewe.

Chupa ya pili ikifika, usiifungue.

MamaWawili
Mimi nacheka ili nisilie. Mwaka 2009 nilikuwa Minnesota, vilikuwa vidonge vya acai, tunda la Brazil. Oprah huyuhuyu, na Dokta Oz, yule daktari wa runinga, pembeni yake. Wakati huo haikuwa video, ni picha zao tu na ukurasa uliofanana na gazeti, eti ripota kajaribu mwenyewe wiki nne. Agosti mwaka huohuo Oprah na Oz wakazishtaki kampuni kadhaa kwa kutumia majina yao. 2011 tume ya biashara ya serikali, FTC, nayo ikawapeleka mahakamani wenye zile tovuti za habari bandia. Mimi nikajua yameisha. Kumbe walikwenda kubadilisha tunda.

Mwambie shangazi hayuko peke yake. Mie nilinunua chupa tatu, na mume wangu mpaka leo anajua zilikuwa vitamini.

KutwaMaraTatu
Mfamasia hapa, Dar. Ya pesa mmeyasema, mimi nataka kujua shangazi anatumia dawa gani ya presha na alipimwa lini mara ya mwisho.

Nina sababu. Marekani vinavyouzwa kama virutubisho haviidhinishwi na FDA, mamlaka yao ya chakula na dawa, kabla ya kuingia sokoni. Chupa itaandikwa siki ya tufaha, na huenda kweli ni siki na sukari, basi hasara ni ya mfuko tu. Lakini FDA imeshakuta mara nyingi bidhaa za kupunguza uzito zenye sibutramine isiyoandikwa popote kwenye lebo. Hiyo ilikuwa dawa halali, ikaondolewa sokoni Marekani Oktoba 2010 kwa sababu iliongeza hatari ya shambulio la moyo na kiharusi. Inapandisha presha na mapigo ya moyo. Sasa mpe mtu ambaye tayari ana presha.

Aache leo. Mpime asubuhi na jioni, andika. Mkienda kliniki, chupa muwe nayo mkononi. Na muulize kama moyo unamwenda mbio au usingizi umepotea, ingawa kwa mtu anayekesha na kichanga hilo la pili halitakuambia kitu.

Mhariri_wa_Picha
Nahariri video za harusi kwa ajira, kwa hiyo midomo ya watu naitazama kutwa. Hizi bandia huchukua mahojiano ya kweli, wakabandika sauti mpya na kuchezea sehemu ya mdomo tu. Zima sauti, tazama herufi B, M na P. Hakuna binadamu anayezitamka bila midomo kukutana. Nyingi za bei rahisi zinateleza hapo.

KijanaWaNgamiani
Nimerudi. Asanteni wote.

Benki wamerudisha 89.90 na 39.95 kwa muda wakati wanachunguza. Ile 6.95 sikuidai, tuliikubali. Presha jana asubuhi ilikuwa 168 kwa 94, kapata miadi kliniki Alhamisi, chupa imo kwenye mfuko wa nailoni juu ya friji.

Kuhusu video. Sikumwambia kitu, nilimwomba tu: shangazi, nisaidie kusahihisha hapa. Nikazima sauti. Nilisahau kuwaambia kwamba hiyo miaka 31 yote alifundisha darasa la kwanza. Ba be bi bo bu. Akavaa miwani. Kaitazama mara ya kwanza kimya. Mara ya pili akawasha sauti, akasimamisha kwenye neno la chupa, akarudisha, akasimamisha kwenye neno la mwili, yote mawili kwa Kiingereza yanaanza na B. Akasema: "Mtoto asiyefunga mdomo kwenye 'ba' hutoa 'wa'. Huyu hafungi, na 'ba' inatoka. Inatoka wapi?"

Akanirudishia tableti, akaenda kumwogesha mtoto. Hatukulizungumza tena.

Ila sasa kuna jipya. Leo niko kazini, saa tano, naletewa ujumbe wake wenye picha: "Nimemkuta mwingine, daktari, koti jeupe. Midomo yake inafunga vizuri kabisa, nimemrudia mara nne. Nimkamate kwa kipi?"

Mhariri wa picha, upo?