Re: Fomu I-9: mkimbizi mgeni mwenye I-94 tu

> Kibali chake cha kazi hakijafika, na mwajiri anamwambia asubiri. Ni halali?

Si halali, ndugu. Fomu I-9 ndiyo ya kuthibitisha kuwa mtu anaruhusiwa kufanya kazi Marekani, na I-94 ya mkimbizi, yaani rekodi yake ya kuingia nchini, inapokelewa kwenye Orodha A ya karatasi zake kama risiti (karatasi ya muda) ya siku 90, kwa hiyo aanze kazi. Kabla hazijaisha, alete kibali cha kazi, AU kadi ya Social Security pamoja na kitambulisho cha jimbo. Wengi wanakodolea macho sanduku la barua wakingoja kibali, kumbe hizo mbili zinatosha. Aikague tu kadi: yenye maneno VALID FOR WORK ONLY WITH DHS AUTHORIZATION (kazi kwa idhini ya DHS tu, yaani Wizara ya Usalama wa Ndani) haifai. Mkimbizi hupewa isiyo na maneno hayo.

Sehemu ya 1 anajaza mwenyewe, mwisho siku ya kwanza ya kazi. Sehemu ya 2 ni ya mwajiri, ndani ya siku 3 za kazi tangu aanze. Kuchagua karatasi ni haki ya mfanyakazi: moja ya Orodha A (inathibitisha utambulisho na ruhusa ya kazi), au moja ya B (utambulisho) na moja ya C (ruhusa ya kazi). Mwajiri anayeng'ang'ania “nataka grini kadi” anavunja sheria. Simu ya bure ya Wizara ya Sheria kwa wafanyakazi ni 1-800-255-7688, na mkalimani unaomba.

---

Naongezea E-Verify, mfumo wa serikali wa mtandaoni ambao mwajiri anahakikia habari za I-9, maana kila jimbo lina lake kuhusu nani analazimika kuutumia. Arizona ni waajiri wote, tangu 2008. Tennessee ni wenye wafanyakazi 35 kwenda juu, Florida 25. Zote mbili tangu 2023. Kwa mwajiri wa E-Verify, kitambulisho cha Orodha B lazima kiwe na picha. Kama namba ya Social Security bado haijatoka, mtu anafanya kazi na mwajiri anangoja kuiingiza.

Watu wetu wanakwamishwa na majina. Una majina matatu. I-94 imeweka la babu kuwa la ukoo, Social Security imeshika la mwisho, wewe kwenye I-9 umeandika unavyoitwa nyumbani. Mfumo unakataa. Hapo mwajiri akuite faragha, akupe notisi, na wewe useme kama unapinga. Ukipinga, una siku 8 za kazi za serikali kwenda Social Security au kuwasiliana na DHS, kadiri notisi inavyoelekeza. Beba notisi na karatasi halisi. Kesi ikiendelea, haruhusiwi kukufukuza wala kukukata saa. Ukinyamaza, anaruhusiwa kukuachisha. Afadhali ujipime mapema kwa Self Check ya myE-Verify, huduma ya mtandaoni ya mfanyakazi kukagua kumbukumbu zake mwenyewe, ni bure.

---

> Na grini kadi ikiisha muda nikiwa kazini?

Hawakuulizi tena, dada. Kinachohakikiwa upya ni kibali cha kazi. Kadi ikipotea, risiti ya kuomba nyingine inakubalika siku 90. Risiti ya kuomba kwa mara ya kwanza haikubaliki, na hapo ndipo wengi wanarudishwa mlangoni.