Chakula cha usiku cha fungate Unguja: mwamba wa Pingwe, paa la Mji Mkongwe au Kendwa?

Mgosi wa Chumbageni

Habari zenu wakuu. Ndoa inshallah ni mwezi wa nane hapahapa Tanga, kisha tunavuka Unguja kwa siku chache. Malazi yameshalipwa: usiku mbili Mji Mkongwe, usiku mbili Bwejuu. Kinachonitatiza ni chakula kimoja tu cha usiku, kile cha heshima, cha kuvaa na kukaa bila haraka. Bajeti ni laki tatu kwa watu wawili, usafiri kando. Pombe hatunywi, ila pakiuzwa si neno.

Mwenzangu anataka kukaa juu ya paa Mji Mkongwe. Mimi nimevutwa na The Rock, ule mgahawa ulio juu ya mwamba Pingwe. Shemeji anashikilia Kendwa, eti jua likizama kule ni habari nyingine. Siku zetu zinaangukia mwezi mpevu, kwa tarehe za mwezi mwandamo: mwezi 14 na 15 tuko mjini, mwezi 16 na 17 tuko Bwejuu. Nipeni mchanganuo. Picha nimeshaziona za kutosha.

Nahodha wa Deep Sea

Umefanya la maana kutaja mwezi, maana wengi huchagua mgahawa kwanza halafu bahari ndiyo inawapangia.

Pingwe iko mashariki. Jua halizami baharini kule, linazama nyuma yako, ng'ambo ya minazi. Anayekwenda The Rock kusubiri machweo ya kwenye kadi amekosea upande wa kisiwa. Lakini wewe una mwezi mpevu, na mwezi mpevu unachomoza mashariki, kutoka baharini. Mwezi 14 unatoka karibu na Magharibi wakati kungali na mwanga, kwa hiyo hauna nguvu. Kila siku unachelewa kwa takriban dakika 50. Mwezi 16 unatoka saa 1 na kitu usiku, giza limeshaingia, na nyinyi mko mezani. Hicho ndicho cha kufuata Pingwe.

Sasa maji. Siku hizo ni bamvua, maji yanajaa sana na kukupwa sana. Kwenye bamvua pwani yetu hii maji hujaa saa 10 na 11 jioni, na hukupwa saa 4 na 5 usiku. Tofauti ya kujaa na kupwa inafika kama mita 4. Mwezi 16 maji yatajaa karibu saa 11. Ukifika saa 12 au saa 1 usiku hutatembea kwa miguu, utavushwa kwa boti. Ukitoka saa 3 maji yameshashuka sana: huenda ukarudi kwa miguu ukiwa na maji ya magotini, huenda boti bado inahitajika. Mwezi 17 ongeza hiyo hiyo dakika 50. Anayekwenda wakati wa maji mafu, yasiyojaa wala kukupwa sana, mambo yanageuka: anaingia kwa miguu, anatoka kwa boti.

Kwa hiyo suruali ya kukunjika, na bi harusi asivae gauni la kuburuta. Viatu vya kisigino vibaki kwenye mkoba, avae ndala mpaka juu ya ngazi. Ngazi ni za mbao na huwa na unyevu wa chumvi, na mwamba wenyewe ni matumbawe, unakata.

Kusi Mwezi wa Nane

Naongezea alilopita nalo Nahodha. Mwezi wa nane ni kusi tupu, upepo wa kusini-mashariki. Upande wa Paje, Jambiani, Bwejuu hadi Pingwe upepo unapiga usoni. Ndiyo maana wale wa tiara za kuvutwa majini wanajazana Paje msimu huo. Meza ya nje yenye kitambaa na mshumaa haidumu dakika kumi. Ukibuku The Rock mwezi huo omba meza ya ndani iliyo karibu na dirisha, halafu mwezi ukitoka mnasogea kibarazani kwa muda. Mtandio mzito ubebwe, kule usiku wa kusi kuna ubaridi.

Kendwa imejificha, inatazama magharibi, bahari yake imetulia na maji hayakimbii mbali yakikupwa. Kwa upepo peke yake shemeji yako ana hoja. Tatizo ni mawili. Kwanza, kutoka Bwejuu mpaka Kendwa ni kuvuka kisiwa kuelekea kaskazini, karibu saa mbili za gari, na kurudi usiku saa mbili nyingine. Pili, Kendwa ina sherehe zake za mwezi mpevu, hasa Jumamosi iliyo karibu nao. Muziki unakesha. Kama siku yenu itagongana na hiyo, sahau utulivu.

Bi Mkubwa wa Ngamiani

Mwanangu, hongera. Huyo mwenzio naye asikilizwe, hajakosea.

Paa la Mji Mkongwe linamfaa bi harusi aliyevaa. Hakuna mchanga wala boti, na upepo unapunguzwa na majengo. Wanaojulikana kwa kazi hiyo ni Emerson on Hurumzi pale Hurumzi na Emerson Spice kule Kiponda. Wote wawili wako juu kabisa ya nyumba za zamani, na kupanda ni kwa ngazi za mbao, nyembamba na za mwinuko mkali. Mwenye goti bovu au gauni refu ajue mapema. Hurumzi wana mkao wa chini, mnavua viatu mnakaa juu ya mito. Sasa wewe fikiria bi harusi na nguo ya kubana, saa mbili chini. Nguo ifuate mkao.

Chakula cha jioni cha sehemu kama hizi hupangwa na mpishi, kinakuja sahani moja baada ya nyingine, na meza ni chache. Hufiki saa 2 usiku ukaagiza unachotaka. Watu huitwa kabla jua halijazama, na mwezi wa nane jua linazama kama saa 12 na dakika 20. Hapo ndipo adhana ya Magharibi inapoingia. Wengine huja wakashtuka sahani ya kwanza imetua wakati wao wanatafuta pa kuswali. Unapobuku sema mapema: chakula kianze saa 1 kamili. Ukiwaambia siku hiyohiyo jikoni wanakuwa wameshaanza.

Jambo jingine wasilolifikiria wasiokunywa: mchuzi wa samaki na kamba wa Kitaliano au Kifaransa mara nyingi unatiwa mvinyo mweupe. Mgahawa hauoni kama ni jambo la kukuambia. Uliza sahani kwa sahani. Usiulize "ni halali?" maana utajibiwa ndiyo, wakimaanisha hakuna nguruwe. Uliza "mchuzi huu una mvinyo?"

Ukitaka chakula kisicho na wasiwasi kabisa kuna Lukmaan pale Mkunazini, karibu na mbuyu, hawauzi pombe, na biriani na pweza wa nazi wapo. Lakini ni pa kula mchana mkiwa na njaa. Si pa usiku unaouulizia.

Jiko la Makorora

Mtashawishiwa kamba kochi, yule kamba mkubwa wa gamba gumu, maana ndiye anayejaza bili. Maswali ni haya na uyaulize kwa mpangilio huu: bei ni ya kilo au ya sahani? Kama ni ya kilo, anapimwa akiwa mzima na gamba au nyama pekee? Nyama inayoliwa haifiki nusu ya uzito wake, kwa hiyo "kilo" mbili zinazofanana kwa jina zinaweza kuwa bei mbili tofauti kabisa. Mmoja wa gramu 800 hadi kilo, na sahani ya pili ya samaki, inatosha watu wawili.

Omba umwone kabla hajaingia jikoni. Aliye hai ukimwinua anakunja mkia chini ya tumbo, kwa nguvu. Mkia ukining'inia umelegea, alishakufa na hujui lini. Apasuliwe katikati, utumbo ule mweusi utolewe, aanze kuchomwa upande wa gamba. Nyama ikibadilika kutoka uangavu kuwa nyeupe basi imetosha. Ikipitilizwa inakuwa kama mpira wa ndala, na hapo hakuna siagi wala kitunguu saumu kitakachoirudisha.

Mwezi wa nane upepo ukichafuka vyombo vidogo haviendi mbali, na jikoni wanarudi kwenye friza. Usione aibu kuuliza, "samaki wa leo ni yupi?" Wakikutajia orodha nzima, chewa, jodari, nguru, pweza, ngisi, vyote "vya leo", basi vingi ni vya barafu. Wakikutajia mmoja au wawili, mchukue huyo.

Pweza wa kuchoma uliza kama alichemshwa kwanza. Aliyetoka baharini akaenda moja kwa moja kwenye mkaa hatafuniki.

Kitabu cha Bili

Laki tatu kwa wawili inawezekana, ila inategemea mmeandikiwa vipi. Menyu nyingi zilikuwa kwa dola kabla ya 2025, na huenda bado ukakutana nazo. Uliza kiwango cha kubadilishia wanachotumia wao, kodi imo au haimo, asilimia ya huduma imo au haimo, na maji ya chupa ni bei gani (msicheke, watu huumizwa na maji na juisi). Majibu yaje kwa ujumbe wa maandishi, siyo kwa mdomo wa dereva.

Amana lipa kwa jina la biashara. Ukiingiza lipa namba na jina likaja la mtu binafsi, simama. Kuna kurasa za mitandaoni zinazobeba picha za migahawa mikubwa na namba za watu wengine. Namba ichukue kwenye tovuti ya mgahawa wenyewe au muombe mapokezi ya hoteli yako wapige. Uliza pia mvua ikinyesha au boti isipovuka amana inarudi au inahamishwa siku.

Na dereva. Usiku daladala za kukurudisha Bwejuu hazipo. Mkubaliane bei ya kwenda, kusubiri na kurudi kwa pamoja, na saa za kusubiri zitajwe. Ukikubaliana ya kwenda tu, ya kurudi utapangiwa ukiwa umesimama gizani.

Shamba la Pangani

Kwa nini mnavuka bahari? Ushongo ipo hapo Pangani, minazi ipo, hoteli za ufukweni zipo, na laki tatu inabaki na chenji.

Nahodha wa Deep Sea

@Shamba la Pangani malazi ameshalipa, soma uzi. Lakini kwa wasiovuka, Ushongo ni pazuri kweli. Mtu asiwadanganye tu kuhusu chakula cha usiku kisiwani Maziwe: ni fungu la mchanga, maji yakijaa linafunikwa lote. Maziwe ni ya mchana, kwa saa za maji kupwa.

Na meza yoyote ya ufukweni, iwe Ushongo au Bwejuu: kabla hamjakubali mahali, tazama mstari wa mwani mkavu juu ya mchanga. Hapo ndipo maji yaliyopita yalipoishia. Siku za bamvua meza iwe juu ya mstari huo, hatua kadhaa, siyo juu kidogo. Na isiwe mbali na jiko. Kila hatua ya mhudumu kwenye upepo ni joto linalotoka kwenye sahani.

Mgosi wa Chumbageni

Shukrani sana wakubwa zangu. Naona nimeelekea hivi: paa Mji Mkongwe siku ya kufika, halafu Pingwe mwezi 16. Kama fedha itaruhusu kimoja tu, kipi?

Bi Mkubwa wa Ngamiani

Siku ya kufika usiweke chochote. Bahari ya kusi inatikisa, na bi harusi aliyetapika njiani hataki sahani tano juu ya paa. Siku hiyo teremkeni Forodhani, kwenye bustani ya vyakula vya usiku hapo Mji Mkongwe, mle mnachokiona kinawekwa kwenye mkaa kikiwa kibichi (kile kilichopangwa tayari kimeiva kinapashwa tu), bei mkubaliane kabla ya kukaa, mlale.

Kusi Mwezi wa Nane

Kimoja tu? Pingwe mwezi 16, maana mwezi ule hamtaupata tena kwa mpangilio huo, na hotelini mko jirani. Na shemeji asinune: Michamvi Kae iko upande wa pili wa rasi hiyohiyo, inatazama magharibi juu ya ghuba ya Chwaka, kusi haiifikii sana. Mkae Kae kwa juisi mpaka jua lizame saa 12 na dakika 20, mswali, dereva awavushe Pingwe, ni dakika chache. Meza ibukiwe ya saa 1. Mthibitishe tu zamu zao, maana wanapokea watu kwa zamu na pengine ile ya saa 1 haipo.

Mgosi wa Chumbageni

Na zamu ikiwa ni ya saa 12 au saa 2?

Nahodha wa Deep Sea

Saa 2, chukua hiyo. Mwezi utakuwa umeshapanda na kung'aa, na mkitoka saa 4 maji yamekaribia kukupwa kabisa, mnarudi kwa miguu. Tochi ya simu, ndala, na gauni mkononi.