Hoteli ya Copenhagen ilituahidi kwa maandishi baiskeli zitalala ndani. Zimelala nje, yangu imeibiwa

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Ijumaa iliyopita nimeibiwa baiskeli Copenhagen, na mwizi simlaumu peke yake. Namlaumu mwenye hoteli aliyenipa neno lake kwa maandishi, kisha akaligeuka nilipofika mlangoni.

Mimi ni mtu wa Tanga, nimejifunza baiskeli kwenye ile kubwa ya marehemu baba, mguu mmoja ukipita katikati ya fremu kwa sababu siti siifikii. Sasa naishi Helsingborg, upande wa Uswidi, na mume wangu. Baiskeli iliyoibiwa niliinunua kwa kudunduliza miezi kumi na minne. Nilipoipata, kitu cha kwanza nilichofunga kwenye usukani ni kengele ya shaba ya baba.

Tulivuka na feri asubuhi, dakika 20 tu, tukashuka Helsingør, upande wa Denmark, tukaipita ngome ya Kronborg na kushika barabara ya pwani, Strandvejen, kuelekea kusini. Ni kilomita zipatazo 45 hadi Copenhagen, njia ya taifa ya baiskeli nambari 9. Kupotea ni vigumu: bahari ikae kushoto, basi. Wenyeji wanaiona fupi. Kwetu, na mikoba minne na upepo wa usoni tangu Humlebæk, ilikuwa kazi ya siku nzima. Rungsted tulisimama kwenye nyumba ya Karen Blixen, yule mama mwandishi wa Kidenmaki aliyelima kahawa Ngong, Kenya. Kaburi lake liko humo humo bustanini, chini ya mti mkubwa. Mume wangu ni Mkenya, alitaka apaone.

Tulipofika Klampenborg magoti yangu yalishagoma. Treni za mjini, S-tog, zinaanzia pale, na baiskeli hupandishwa bure. Mume wangu akaniambia, "Mama Nasra, tupande, hatushindani na mtu." Nikakataa. Nilitaka kuingia Copenhagen kwa nguvu za miguu yangu, na niliingia. Njia ya baiskeli kule imeinuliwa kidogo kuliko ya magari, ina ukingo wake wa mawe. Ukitaka kusimama unainua mkono ili wa nyuma wajue. Ukitaka kukata kushoto unavuka kwanza moja kwa moja, unangoja taa ng'ambo, ndipo unakata. Wazee, watu wa suti, watoto wamekaa kwenye sanduku la mbele wanakula tufaha, wote wamo. Tulipoingia Østerbro, mtaa wa Copenhagen, machozi yalinitoka kwa furaha. Nayasema haya ili mjue nilifika kwenye hoteli ile na moyo wa namna gani.

Sasa sikieni. Wiki tatu kabla, niliwaandikia swali moja tu: baiskeli zinalala wapi? Wakajibu kwamba kuna chumba chini ya jengo, kinafungwa, ufunguo anao mhudumu peke yake, kroner 60 kwa kila baiskeli kwa usiku. Nikawaambia tuna mbili. Wakathibitisha. Kulikuwa na hoteli mbili za bei nafuu zaidi, tukaziacha kwa ajili ya chumba hicho.

Tunafika saa moja jioni, kijana wa mapokezi anasema chumba cha chini kimejaa magodoro, kuna ukarabati, baiskeli zifungeni nje. Nikampa simu asome barua pepe yao wenyewe. Aliisoma yote, nilimwona midomo ikicheza. Akanirudishia simu akasema aliyeandika hayuko zamu. Hivi neno la hoteli ni la mtu mmoja, akitoka kazini anaondoka nalo? Nikaomba tuzipandishe chumbani kwetu. Hapana, zulia litachafuka. Nikaomba uani. Hapana, ni njia ya zimamoto. Nikaomba aturudishie hela tutafute pengine kabla giza halijaingia. Hapana, muda wa kughairi umekwisha jana. Sauti yangu ilianza kupanda, mume wangu akanishika bega. Tukatoka tukazifunga kwenye nguzo ya chuma kando ya ukuta, yangu kwa kufuli nene, yake kwa mnyororo.

Saa kumi na mbili asubuhi nilishuka kuziangalia. Yake ipo. Yangu haipo. Kufuli limelala chini, limekatwa pasafi kama muwa, na unga wa chuma bado unang'aa juu ya mawe. Nilichutama nikaugusa ule unga kwa kidole, nikabaki pale pale mpaka mume wangu aliponifuata.

Mapokezi palikuwa na dada mwingine. Alinipa pole na kunionyesha tovuti ya polisi ya kuripotia wizi. Polisi wanataka namba ya fremu, ile iliyogongwa kwenye chuma. Ninayo, niliipiga picha siku ya kununua. Mlioko huku ambao hamjapiga, inameni leo hii mpige, maana bila namba hiyo hata baiskeli ikiokotwa mtathibitishaje kwamba ni yenu?

Halafu ikaja ankara. Hifadhi ya baiskeli, mbili, kroner 120. Nikamuuliza dada, hifadhi ipi? Akanijibu kwamba mfumo umeshakata. Hapo nilipiga kelele, wakuu, na sijuti. Tumelipishwa chumba ambacho baiskeli zetu hazikukanyaga!

Tangu siku hiyo tunaandikiana. Jibu lao la jana: mali ya mgeni iliyo nje ya jengo ni jukumu la mgeni mwenyewe. Na nani aliyeitoa nje? Sikuja na gari nikaweka baiskeli kwa mapambo. Anayesafiri kwa baiskeli, hiyo ndiyo miguu yake na ndiyo ratiba yake. Kesho yake tulikuwa tuendelee hadi Køge. Badala yake tulirudi Helsingør kwa treni, mume wangu akisukuma yake, mimi nimebeba mikoba yangu miwili na kofia ngumu.

Bima ya nyumba italipa sehemu, baada ya kukata kile ninachotakiwa kubeba mwenyewe. Kilichobaki nakidai hotelini, pamoja na zile kroner 120, na sitasamehe hata moja. Jumatatu napeleka shauri Konsument Europa, ofisi inayomsaidia bure mkazi wa Uswidi aliyedhulumiwa na mfanyabiashara wa nchi nyingine ya Umoja wa Ulaya. Kama kuna aliyewahi kupita kwao naomba anieleze: walimtaka vielelezo gani, na ilichukua muda gani? Barua pepe zote ninazo, ankara ninayo, picha ya kufuli lililokatwa ninayo.

Na nyinyi mnaoishi Copenhagen, nawaomba macho yenu. Ni ya kijani iliyokolea, keria nyeusi nyuma, madigadi ya chuma, la mbele limebonyea upande wa kulia. Kengele ni ya shaba, kubwa kuliko za huku, ukiibonyeza mara moja inalia mara mbili. Ukiiona, hata ikiwa kengele peke yake sokoni, nitumie ujumbe usiku au mchana.