Matunda ya haibiskasi yanadondoka kabla ya kukomaa. Nakosea wapi katika kuzalisha aina mpya?

Ua_la_Asubuhi

Habari wakuu. Nataka kupata aina mpya ya haibiskasi ya bustani, ile ya kichaka yenye majani ya kung'aa (Hibiscus rosa-sinensis), sio rosela ya kunywa. Mama ni nyekundu yenye ua la tabaka nyingi, baba ni njano ya petali tano yenye jicho jekundu katikati. Nachavusha saa saba mchana kwa brashi ndogo ya rangi.

Matokeo hadi sasa: maua 20 yamechavushwa. 13 yamedondoka ndani ya siku 5, 6 yamedondoka kati ya siku ya 12 na ya 20, na moja tu limefika mwisho likatoa mbegu 7. Zimeota 2.

Maswali: (1) matunda yanadondoka kwa nini? (2) mbegu 5 zimegoma kwa nini? (3) mche ukichanua, nitajuaje kwamba nimepata aina mpya ya kuipa jina na sio ua tu la kawaida?

---

Mtunza_Kitalu

Mkuu, umefanya vizuri kuandika siku ya kudondoka, maana jibu liko humo humo.

Tunda linalodondoka ndani ya siku 5 halikurutubishwa kabisa. Angalia kikonyo cha ua: karibu na juu kuna kifundo kidogo. Pale ndipo unjano unapoanzia, kisha kinakatika chenyewe. Sababu kwako naona ni mbili. Ya kwanza ni saa. Ua la haibiskasi nyingi linaishi siku moja, na chavua haipendi joto. Likipita nyuzi 32 hivi inadhoofika haraka. Saa saba umechelewa. Chavusha asubuhi, mara vile vifuko vya chavua vinapopasuka na chavua kuonekana kama unga wa njano unaonata. Kabla ya hapo vifuko ni laini na vimefumba, ukisugua hupati kitu.

Ya pili ni mama uliyemchagua. Katika ua la tabaka nyingi, stameni (sehemu za kiume zinazobeba chavua) zimegeuka petali, na mara nyingi stigma (sehemu ya kike inayopokea chavua) nazo zimepinda au zimemezwa humo ndani. Stigma nzima ni vitufe vitano vyenye manyoya laini kama mahameli, vimesimama kwenye ncha ya nguzo, ule mrija mrefu unaotokeza katikati ya ua. Ukivikosa au ukikuta viwili vimeungana vibaya, usimfanye huyo kuwa mama. Geuza: njano awe mama, nyekundu awe baba. Chavua ya nyekundu itafute kwenye kingo na mashina ya zile petali za ndani; mara nyingi kuna vifuko vichache vimejificha.

Brashi iache. Inakula chavua nyingi na inabeba ya jana kuipeleka kwenye ua la leo. Chuma ua zima la baba, ng'oa petali, lishike kwa kitako chake, kisha pakaza nguzo yake moja kwa moja kwenye vitufe vyote vitano vya mama mpaka viwe vya njano. Chavua za haibiskasi ni kubwa kiasi kwamba unaziona kwa macho zilivyoshika, kwa hiyo huna haja ya kubahatisha. Usiache kitufe hata kimoja, maana tunda lina vyumba vitano na unataka mbegu nyingi kadiri iwezekanavyo.

Yale 6 ya siku ya 12 hadi 20 ni habari nyingine. Hayo yalirutubishwa, kisha kiinitete kikafa. Hapa ama mmea ulipata shida (udongo ulikauka siku moja, chungu kilihamishwa, joto lilipanda ghafla), ama wazazi hawaendani kikromosomu. Haibiskasi hizi zina seti nyingi za kromosomu, na idadi inatofautiana kati ya aina na aina. Ziko zenye zaidi ya 100. Ukikuta mama yuleyule anashika tunda kwa baba mwingine lakini kwa huyu anadondosha kila mara, usilazimishe. Badilisha mzazi mmoja.

Ushauri mdogo mdogo: mmea wa mama uwe na umri na shina gumu, usichume petali zilizonyauka kwa nguvu (zitaanguka zenyewe pamoja na nguzo), na usiuachie matunda zaidi ya manne kwa wakati mmoja kama uko kwenye chungu. Mbolea yenye naitrojeni nyingi ipunguze kipindi hicho.

---

Chavua_Njano

Naongeza moja kwa alichosema Mtunza_Kitalu: ng'oa vifuko vya chavua vya mama kabla havijapasuka. Unakata kwa mkasi mdogo asubuhi na mapema. Bila hivyo, ukipata mche mzuri huwezi kusema kwa uhakika baba ni nani.

---

Mtunza_Kitalu

Hapo tutabishana kidogo mkuu. Stigma ziko juu ya vifuko, na aina nyingi hazishiki tunda kwa chavua yake yenyewe. Ukipakaza chavua nyingi mapema, nafasi ya ajali ni ndogo. Kung'oa kunaacha vidonda na muda unakwenda. Mimi nang'oa tu kwa mama anayejulikana kujizalia mwenyewe bila mkono wa mtu. Lakini kama kuna nyuki na ndege wengi, sawa, ng'oa au funika kwa kitambaa cha chandarua hadi jioni.

---

Chavua_Njano

Haya, tukubaliane kwenye kufunika 😄

Nije kwenye swali la pili, mbegu. Makosa matatu ndiyo yanayojirudia.

Kwanza, kuvuna mapema. Tunda linachukua wiki 6 hadi 10. Linakuwa kijani, kisha njano, kisha kahawia, halafu linapasuka na kumwaga mbegu chini. Ndiyo maana watu huogopa na kulikata likiwa bado la kijani. Usilikate. Livishe kifuko cha chandarua kuanzia wiki ya tano, mbegu zikimwagika zimo humo. Lebo ifunge kwenye kikonyo siku ileile ya kuchavusha: mama kwanza, alama ya ×, baba, tarehe. Kalamu ya risasi kwenye plastiki haifutiki na jua. Kalamu nyingi za wino hufutika.

Pili, ganda. Mbegu ina umbo la figo, kahawia iliyokolea, na ganda lake halipitishi maji kirahisi. Chukua kikata kucha, toa kipande kidogo mno upande wa mviringo, mbali na ile ncha iliyochongoka, maana mzizi unatokea upande wa ncha. Ukiona weupe wa ndani umefika, simama. Kisha loweka kwenye maji ya uvuguvugu saa 8 hadi 12. Asubuhi iliyovimba mara mbili iko tayari. Isiyovimba, ichonge tena.

Tatu, kuoza. Udongo wa bustani usiutumie. Perlaiti (punje nyeupe nyepesi za kupitisha hewa na maji) na nyuzi za nazi nusu kwa nusu zinatosha, kina cha nusu sentimita, joto la nyuzi 25 hadi 30, unyevu kama wa kitambaa kilichokamuliwa. Zinaota ndani ya siku 5 hadi 14. Baada ya hapo adui ni kinyausi: mche unalegea shingoni usawa wa udongo na kulala chini asubuhi moja. Ukishaona hivyo hauponi, okoa waliobaki kwa kupunguza maji na kuongeza hewa.

Ganda likibaki limevaa majani ya kwanza kama kofia, lilowanishe kwa tone la maji, subiri saa moja, kisha livue taratibu kwa kibano. Ukivuta likiwa kavu unang'oa na majani.

---

Petali_Tano

Swali la tatu ndilo zito, na wengi hulirukia.

Kila mbegu ni mtu wake. Haibiskasi hizi zina damu mchanganyiko kiasi kwamba mbegu 7 za tunda moja zinaweza kutoa maua 7 yasiyofanana, na hakuna hata moja lenye sura ya mama. Kwa hiyo kupata ua jipya sio kazi. Kazi ni kupata ua linalostahili nafasi ya jingine bustanini. Kwa miche 2 bado hujaanza kuchagua, unakubali tu ulichopewa. Lenga miche 50 hadi 100 kwa jozi moja ya wazazi, na ukibaki na miwili umefanya vizuri.

Mche unachanua kati ya miezi 9 na 18 ukitunzwa vizuri. Ua la kwanza usilihukumu. Huwa dogo, na kama mche ni wa tabaka nyingi, tabaka huenda zisikamilike hadi shina likomae. Rangi nayo inadanganya. Njano na machungwa zinatokana na karotenoidi, nyekundu na zambarau zinatokana na anthosianini (zote ni rangi asilia za mmea), na joto linabadilisha uwiano huo: ua la msimu wa baridi huwa kubwa na lililokolea, la msimu wa joto huwa dogo na lililofifia au kuelekea njano. Mche mmoja nimewahi kuuona umeandikwa majina mawili na watu wawili, kila mtu na msimu wake. Andika rekodi kwa mwaka mzima.

Ninachopima, kwa mpangilio wa uzito: kichaka kinatoa matawi chenyewe bila kukatwa? Tumba linafunguka au linaanguka likiwa limefumba? Ua limesimama au linainamia chini hadi ulinyanyue kwa mkono? Petali ni nene au zinachanika kwa upepo? Jani linabaki safi? Rangi inakuja mwisho kabisa. Watu wanaanza na rangi, wanaishia na ua zuri la picha kwenye kichaka chenye vijiti vitatu.

Jambo moja la kuepusha hasara ya muda: usijaribu kuchanganya hii na zile haibiskasi za nchi za baridi zinazokauka juu majira ya baridi na kuchipua tena (H. moscheutos na jamaa zake, kromosomu 38) ukitegemea brashi tu. Hazishiki. Lakini H. schizopetalus, ile yenye petali zilizochanwachanwa na kuning'inia, inashika vizuri na imechangia damu kwenye aina nyingi za bustani. Ukitaka kichaka chenye nguvu, ijaribu.

---

Mkasi_Mkali

Hapo mlipoacha: mche uliochaguliwa bado ni mmea mmoja. Unakuwa aina pale unapozalishwa kwa vipandikizi na watoto wote wakatoka sawa. Mbegu zake hazitakurudishia ua lilelile.

Vipandikizi: tawi la unene wa penseli, sentimita 10 hadi 15, kata chini kidogo ya kifundo, acha majani mawili yaliyokatwa nusu, chovya kwenye unga wa IBA (homoni ya kuotesha mizizi) ya ppm 3000, chomeka kwenye mchanga wenye perlaiti. Wiki 5 hadi 8. Ikiwa chini ya nusu vinaota mizizi, au vinaota lakini mmea unadumaa, bebesha (unganisha kikonyo chake) juu ya shina la aina yenye mizizi imara. Maua mengi ya kifahari yana mizizi dhaifu, hilo sio kosa lako.

Kisu na mkasi visafishe kila ukihama mmea. Kuna virusi vya haibiskasi vinavyochora mabaka na pete za njano kwenye majani, na vinahama kwa utomvu. Jiki kipimo kimoja kwa maji tisa, dakika moja, suuza. Mama mwenye pete hizo usichukue kipandikizi kwake hata kama ua lake linakutoa machozi.

---

Petali_Tano

Na jina, kabla hujalitangaza. Sheria za majina ya mimea ya kilimo haziruhusu jina jipya lililo katika umbo la Kilatini (tangu 1959), na jina lililokwisha kutumika kwa aina nyingine ya haibiskasi halirudiwi. Kusajili jina ni jambo moja, haki ya mzalishaji ni jingine. Kwenye nchi zinazofuata mkataba wa UPOV wa 1991 (wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea), ukishauza miche kwa zaidi ya mwaka mmoja nchini mwako kabla ya kuomba, upya umekwisha na ombi linakataliwa. Omba kwanza, uza baadaye.

---

Ua_la_Asubuhi

Asanteni sana wakuu. Nimegeuza wazazi. Swali dogo: nyekundu inachanua siku ambayo njano haina ua. Chavua inahifadhika?

---

Chavua_Njano

Ndiyo, siku 2 au 3 bila shida. Chuma ua asubuhi likiwa kavu (lenye umande halifai), kata nguzo, iweke kwenye kichupa pamoja na pakiti ya silika ya kufyonza unyevu, funga, weka kwenye friji sehemu ya chini, sio kwenye barafu. Kabla ya kutumia, iache nje dakika 15 ikiwa bado imefungwa. Ukifungua ikiwa ya baridi inavuta unyevu na kushikamana kama uji. Ikibadilika kutoka unga na kuwa madonge, itupe.