Tupeane uzoefu: kufungasha familia nzima kwenda kwenye baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri

Mama Kulwa (mleta mada)
Wakuu, heshima zenu. Niko Nyakato hapa. Kaka yangu anaishi Winnipeg, Kanada, na mwaka huu kaapa kwamba Krismasi tunaila kwake: mimi, baba watoto, pacha wangu wa miaka sita na mdogo wao wa miaka miwili. Tiketi zimeshakatwa. Juzi ndiyo ananiambia kwamba Januari, usiku kushuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri kwao si habari. Chini ya sifuri, jamani. Mimi mwezi wa saba alfajiri ikifika 17 hapa Mwanza naoga maji ya moto na sweta natafuta.

Nimeshajaza mabegi mawili: jinzi, fulana nzito za pamba, masweta, na blanketi ambalo baba watoto kasema haliachwi. Mtoto wa miaka miwili bado sijamgusa na kilo zimekwisha. Waliowahi kwenda na watoto, mlibeba nini na mlijutia nini? Naomba kuwasilisha.

Dagaa wa Kirumba
Dada, nunua koti la bodaboda. Nimemaliza.

Bi Nyegezi
Usimsikilize huyo, ingawa kidogo ana pointi.

Mume wangu alisoma Harbin, kaskazini mwa China. Januari moja nilimfuata na binti yetu wa miaka saba, tukaone majumba wanayojenga kwa barafu iliyokatwa mto Songhua. Siku hiyo ilikuwa kama 25 chini ya sifuri. Kitu cha kwanza kuganda, samahani kwa kusema, ni vinyweleo vya puani. Unavuta hewa unasikia vinashikana. Binti akacheka, akavuta tena, akacheka, dakika tano baadaye akawa analia kwamba vidole havipo.

Kosa lilikuwa langu. Nilimnunulia glavu nzuri za vidole vitano, zilimkaa vizuri kama za bibi harusi. Kumbe mtoto anatakiwa zile za mfuko, vidole vinne pamoja na gumba peke yake, ili vidole vipashane joto. Na beba jozi mbili kwa kila mtoto, kwa sababu moja italowa theluji na nyingine itapotea. Zishonee kamba ipite ndani ya mikono ya koti.

Simu yangu ilizima ikiwa na chaji zaidi ya nusu, picha hata moja sikupiga. Betri haipendi baridi. Weka simu mfuko wa ndani, karibu na mwili. Pawabenki nayo iingie begi la mkononi, kwenye mzigo wa chini ya ndege hairuhusiwi.

Kingine ambacho hakuna aliyeniambia: ndani ya nyumba kuna joto kama Mwanza, ila hewa ni kavu kupindukia. Usiku wa pili binti alitoka damu puani. Beba mafuta mazito ya mgando, paka midomo, mikono, na puani kidogo. Losheni ya maji maji niliyotoka nayo huku haikunisaidia chochote.

Kijana wa Pasiansi
Mlango Mmoja ndiko kwenye makoti, wakuu. Belo za kutoka nchi za baridi zinafunguliwa pale, na wanunuzi wa makoti mazito ni bodaboda na wavuvi tu. Nilipata jaketi la manyoya ya bata kwa elfu 15. Ila shika kwa mikono kabla hujalipa: kama manyoya yamejikusanya chini kama mto wa zamani, achana nalo. Jaribu zipu mara tano. Na makoti mengi marefu ya kupendeza pale ni ya mtoko tu, upepo unapita ndani kama kwenye chandarua.

Chumba cha Baridi
Nasoma huu uzi nacheka. Mama Kulwa, hiyo Winnipeg yako mimi nimeiingia kila siku kwa miaka sita nikitokea Igogo kwa miguu.

Nilikuwa kiwanda cha minofu ya sangara, hapa hapa jijini. Stoo ya samaki waliogandishwa ni nyuzi 18 chini ya sifuri, na chumba cha kugandishia haraka kinaweza kufika 35 chini. Wiki ya kwanza niliingia nimevaa fulana nne za pamba. Nikabeba makatoni mbio mbio, nikatoka jasho, nikajiona shujaa. Kisha nikasimama kuhesabu mzigo. Lile jasho lilinigeukia. Nilitetemeka hadi kalamu ikanianguka, msimamizi wetu, mzee mmoja mpole, akanitoa nje na kunivua fulana zote mbele za watu. Akaniambia, "Pamba hiyo ni ya kupeleka AMCOS, kwenye chama cha ushirika, siyo ya kuvaa humu."

Sisi Usukumani pamba ndiyo imetusomesha, kwa hiyo maneno yale yalinichoma. Lakini ni kweli. Pamba inakunywa jasho na haikauki, ukisimama inakupoza. Ngozini iguse sufu, au zile nguo za ndani za poliesta za kubana. Juu yake sweta la sufu au lile la manyoya manyoya. Juu kabisa koti lisilopitisha upepo. Hizo tabaka tatu ukizipata, koti si lazima liwe zito kama godoro. Na ukiona unaanza kupata joto, fungua zipu KABLA jasho halijatoka.

Jinzi zako hizo, mama, ni pamba tupu. Toa begini.

Miguu: nilivaa buti namba 42 na soksi tatu. Vidole vikafa ganzi. Mzee akanipa 44 na soksi moja nene ya sufu, ganzi ikaisha. Buti likibana, damu haifiki. Ukiona kidole cha mtoto kimepauka na hasikii ukikigusa, ingia ndani, tumbukiza kwenye maji ya uvuguvugu. Usisugue, usimweke karibu na moto, maana hatasikia akiungua. Kikibaki vile vile, hospitali.

Dagaa wa Kirumba
Hapo kwenye upepo naunga mkono. Sisi usiku ziwani tunavaa sweta, juu tunafunga nailoni. Wageni wanatucheka. Bila nailoni hiyo sweta ni pambo.

Shangazi wa Buhongwa
Mimi nilikwenda Edmonton, huko huko Kanada, kulea mjukuu, nikakaa kuanzia Novemba hadi Machi. Mama Kulwa, nitakuambia jambo moja tu: makoti na buti za watoto usinunue huku. Mwambie kaka yako aulize Watanzania wenzake. Watoto kule wanakua, suti za theluji zinabaki nzima, watu wanapeana. Aje nazo uwanja wa ndege. Ninyi safirini na nguo za ndani za joto, masweta, kofia na soksi kwenye begi la mkononi. Mkivaa makoti mkiwa Mwanza mtafika Dar mmeiva.

Na huyo wa miaka miwili, kwenye kiti chake cha gari asifungwe mkanda akiwa na koti nene. Koti linabonyea, mkanda unabaki umelegea. Mfunge na sweta, kisha mfunike koti au blanketi kwa juu. Mkwe wangu alinigombeza kwa hilo, nikanuna siku mbili, ila alikuwa sahihi.

Dagaa na unga vikiwemo, taja kila chakula kwenye fomu ya forodha. Kuficha ndiko kunakoleta faini.

Mama Kulwa
Shangazi shikamoo, na asanteni wote. Nimekesha nafungua mabegi. Jinzi zimetoka zote isipokuwa moja ya baba watoto. Fulana za pamba zimebaki za kulalia. Kaka kapigiwa, kumbe suti tatu za watoto zilishapatikana tangu mwezi uliopita, alisahau tu kusema! Begi moja sasa liko nusu. Blanketi nalo linakwenda, la kumfunikia mdogo kwenye gari, kwa hiyo baba watoto anatembea humu ndani kama aliyeshinda kesi.

Kaka anasema pia tutakwenda Ziwa Winnipeg kuona wavuvi. Maji yanaganda, wanatoboa tundu na kuteremsha ndoano.

Dagaa wa Kirumba
Subiri. Mtumbwi wanauweka wapi?

Shangazi wa Buhongwa
Hakuna mtumbwi, mwanangu. Barafu ikifika unene wa sentimita 30 hivi na ikawa ngumu, wanaendesha gari dogo hadi katikati ya ziwa, wanaegesha, wanavua.

Dagaa wa Kirumba
Mama Kulwa, mkifika huko naomba picha. Siyo ya watoto. Ya hilo gari.